Mabonde Mawili Nyuma ya Gari

Picha ya Ndege, Kibaha
17 Januari 1982

Kwa mke wangu Bi Swaumu binti Ramadhani, Kibuta,

Shikamoo. Najua mume hamwamkii mkewe hivyo, lakini bibi ni bibi hata akiitwa mke, nisije nikachapwa bure. Mimi mzima. Kula ninakula, sabuni ndiyo hakuna. Upepo ukikuletea harufu huko Kisarawe, ujue ni mumeo.

Bibi, kuna jambo. Ushirika wetu wa mafundi umeambiwa upeleke kitu Sabasaba mwaka huu. Maseremala wanapeleka kabati. Mwenyekiti wetu, Mzee Lucian, akasimama mkutanoni akasema sisi tutapeleka gari. Watu walicheka mpaka mmoja akadondoka kwenye benchi. Mzee Lucian hakucheka. Akasema injini ataazima parokiani, kuna Land Rover ya padri iliyooza bodi ikabaki roho tu. Bodi tutafua wenyewe kwa mapipa ya lami. Kamati ya Maonyesho ikilipenda, yatatengenezwa mengi kiwandani, na sisi ndio tutakaowafundisha wa kiwandani. Na fundi bodi ni nani? Ni mimi, bibi! Mimi uliyekuwa ukinifukuza na mwiko nisigonge sufuria zako.

Shida ni sura. Magari ya siku hizi yamenyooka kama masanduku, na bati la kunyooka vile linataka mashine ya kukandamizia, nasi hatuna. Nyundo yetu inazaa mviringo tu. Mzee Lucian akasema basi tutengeneze gari jipya lenye sura ya zamani, maana ya zamani yalikuwa mviringo kama vyungu. Ila lisiwe la kwenye picha za Wazungu, liwe gari lililotembea kwenye mchanga wa huku kwetu. Akauliza nani analijua. Mkono wangu ukapanda wenyewe. Nikasema bibi yangu alipelekwa kwa mumewe, kutoka Kurui hadi Kibuta, ndani ya gari la Mzee Mwishehe mchuuzi wa sufi, mwaka ulioanza vita vya Hitila.

Basi niandikie lilivyokuwa, nje na ndani. Hapa tuna dada mmoja, Redempta, amesomea kuchora mitambo. Wewe utasema, yeye atachora, mimi nitagonga. Na ninakuahidi wallahi: likikamilika litakuja Kibuta, na utapanda tena kama siku ile.

Mumeo,
Mwinyijuma


Kibuta
2 Februari 1982

Mume wangu Mwinyijuma,

Marahaba, pamoja na kofi moja la kunuka. Huku nako sabuni hakuna, tunafulia majani ya mpapai, na hatunuki.

Barua hii naandika kwa mkono wangu, sikumpa mtu aniandikie. Cheti changu cha kisomo cha watu wazima kimetundikwa ukutani juu ya kitanda, anayebisha aje akisome, kama kusoma anajua. Huyo Redempta msalimie. Mwambie nimemkubali awe mke mwenzangu, ila kupika atapika yeye.

Lo, gari la Mzee Mwishehe! Umenipeleka mbali wewe mtoto. Haya, kaa kitako.

Naanza na nyuma. Mgongo wake mviringo, unashuka taratibu kama mgongo wa kobe, halafu unakatika ghafla juu ya bampa. Katikati tairi la akiba, limefunikwa bati lililochorwa nyota, na nyota yenyewe ncha moja ilikuwa imebanduka rangi. Chini ya tairi pana komeo la shaba la kufungulia buti. Linazungushwa kushoto, si kulia, na jua likiwaka linaunguza vidole. Bomba la moshi liko kulia, linakohoa likiona mlima. Misumari ya bati sita huku na sita huku. Na pembeni mwa tairi, usawa wa kifua cha msichana, pana mabonde mawili, kila moja kadiri ya kiganja kilichofunguliwa. La kushoto limezama zaidi. Mabonde msiyasahau, ndiyo gari lenyewe hayo.

Ndani sasa. Weee! Kiti cha mahameli mekundu, ukikaa unazama mpaka kiunoni. Paa liko juu, bibi harusi na mapambo yake yote kichwani hagusi. Dirishani pazia jeupe, ukitaka kuonekana unafungua, hutaki unafunga. Pana kioo cha kujitazamia, na kibao cha kuwekea sinia la ubani. Mbele ya kiti pana kigoda cha kungwi wake, maana bibi harusi haachwi peke yake. Na mlango unafunguka kinyume, ukishuka unatanguliza uso. Watu waone uso, wasione makalio kwanza.

Nilikaa humo kama malkia. Babu yako, Mungu amrehemu, alikuwa huku Kibuta anatetemeka kwa kunisubiri.

Utanipandisha kweli, au ni maneno ya wanaume? Mimi ahadi za gari nazijua.

Mkeo mkubwa,
Swaumu


Picha ya Ndege, Kibaha
21 Februari 1982

Bibi Swaumu,

Shikamoo. Mimi ndiye Redempta. Mke mwenzako sijawa, na mpango huo sina. Mjukuu wako ananigongea nyundo masikioni kutwa nzima, nikiolewa naye si nitakuwa kiziwi?

Bibi, kwa maelezo yako ya nyuma nimechora karatasi nzima bila kufuta hata mara moja. Mwinyijuma ameshaanza kuufua mgongo huo, na mabonde yote mawili ameyaweka. Mafundi wanapita wanamuuliza kwa nini anaharibu bati zuri, anawajibu, "Bibi yangu kasema." Ndani nako nimechora, ingawa kila nikipima, kwa hicho kiti na kigoda na kibao cha sinia, dereva anabaki nje ya gari.

Lakini mbele hukusema neno. Boneti ilikuwaje? Taa zilikaa wapi? Ungenieleza uso wake kama ulivyonieleza mgongo, tungekuwa tumemaliza.

Mjukuu wako wa kuchora,
Redempta


Kibuta
7 Machi 1982

Mwanangu Redempta,

Marahaba, mke mwenzangu unayekataa. Wote huanza hivyo hivyo.

Dereva? Dereva akajibane. Alikuwa mwembamba.

Uso wake, ngoja nikumbuke. Lilikuwa na uso wa mtu anayetaka kucheka ila yuko msibani. Taa mbili kubwa, zimekaa juu ya madigadi, zinatazama pande zote mbili za njia ili zisipitwe na habari. Boneti ndefu, nyembamba mbele na nene nyuma. Honi yake ya sauti mbili, ya kwanza inasema hodi, ya pili inasema karibu. Rangi, hiyo ya nyuma niliyosahau kuitaja, kijani. Na mbele pia kijani, kwa nini isiwe?

Sikiliza na hili. Kitu kama hicho hakionyeshwi kabla ya siku yake. Sisi Wazaramo mwali anakaa ndani, akitoka anatoka na ngoma. Nawaletea mikeka miwili kwa mkono wa kondakta wa basi la Kisarawe, nimeisuka mwenyewe. Lifunikeni. Akija mtu kuchungulia, hata awe mkubwa namna gani, mwambieni mwali hachunguliwi.

Ni mimi,
Swaumu, kungwi wa gari


Kurui
18 Aprili 1982

Dada Redempta,

Salama? Naandika barua hii nimekalia madigadi ya gari la Mzee Mwishehe. Ndiyo, lenyewe! Nilikuja Kurui kutafuta kama komeo lile la shaba lilisalia mahali, maana kwenye maduka ya chuma sijaona lingine. Binti wa Mzee Mwishehe, Bi Mwamini, akanishika mkono akanipeleka nyuma ya jiko lake. Gari liko pale, ndani mnalala kuku.

Dada, silo alilotuandikia bibi. Nilianzia mbele. Taa zake vijitaa kama vikombe vya kahawa. Honi ni ile ya mpira ya kubinya. Nikaingia ndani, nikagonga kichwa kwenye paa mara mbili, kuingia na kutoka. Kiti ni ubao umevikwa turubai. Mahameli hayajawahi kukanyaga humo. Kigoda? Humo kuku akitaka kugeuka lazima atoke nje kwanza. Na milango inafunguka kama milango yote ya duniani.

Nikakasirika. Nikasema bibi ameniuza. Mzee Lucian ameshaiandikia Kamati kwamba hii ni sura halisi ya gari la kwanza kubeba maharusi Kisarawe, na kumbe tunafua ndoto za bi kizee!

Halafu nikaenda nyuma. Mgongo wa kobe, uleule. Nyota ipo, ncha moja imebanduka. Komeo, kushoto. Misumari sita na sita. Na mabonde mawili, la kushoto limezama zaidi. Nikamuuliza Bi Mwamini haya mabonde ni ya pambo gani. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. "Pambo! Hapo ndipo pa kusukumia, baba. Gari hili halikuvuka mchanga hata siku moja bila kusukumwa. Watu walisukuma hapo hapo miaka nenda rudi, bati nalo likazoea."

Nikaweka viganja vyangu. Vikaingia. Nikakaa chini kwenye kinyesi cha kuku, dada yangu, nikalia kama mtoto. Bibi yangu hakupata kuingia ndani ya gari hili. Analijua kwa mikono. Siku ya harusi yake alikuwa huku nyuma, anasukuma.

Sasa nifanyeje? Nibomoe niliyoyafua, tulifuate gari la kweli? Nimwambie kwamba nimejua? Nijibu haraka, nalala hapa kwa Bi Mwamini mpaka Jumamosi, anilegezee hilo komeo kwa mafuta ya nazi.

Mwinyijuma


Picha ya Ndege, Kibaha
21 Aprili 1982

Mwinyijuma,

Acha kulia, utawatisha kuku.

Usibomoe kitu. Gari la Mzee Mwishehe lilishatengenezwa likafa. La bibi yako ndilo halijatengenezwa. Tangu nimesoma barua yako ya Kurui nimezitoa karatasi zangu zote nikazitazama upya, na kwa mara ya kwanza nimeelewa ninachokichora. Yule msichana alikuwa anasukuma, na huku anasukuma anawaza mle ndani mna nini. Hicho alichokiwaza ndicho ninacho mezani hapa.

Bibi usimwambie lolote. Kukaa kimya nako ni adabu. Kwa Kamati tutaona, Mzee Lucian nimemwonyesha barua yako. Alisoma, akavua miwani, akasema tu, "Dereva mwembamba tutampata wapi?"

Njoo na komeo. Na mabonde yabaki.

Redempta


KAMATI YA MAONYESHO
4 Juni 1982

Mwenyekiti,
Ushirika wa Mafundi,
Picha ya Ndege, Kibaha

Ndugu,

YAH: GARI LA MFANO

Wajumbe wa Kamati walifika karakanani kwenu tarehe 28 Mei kulikagua gari lililotajwa hapo juu. Kwanza Kamati inasikitika kwamba ilizuiwa mlangoni kwa muda na kuambiwa kuwa "mwali hachunguliwi." Tafadhali jambo hilo lisirudiwe.

Baada ya mikeka kuondolewa, Kamati iliona yafuatayo: (a) gari ni jipya lakini lina sura ya zamani, wakati Taifa linasonga mbele, (b) paa ni refu kupita kiasi, (c) nafasi ya dereva haitoshi mtu mzima, (d) matumizi ya kigoda kilichopo mbele ya kiti cha nyuma hayakueleweka, (e) Kamati haikuelewa kabisa kwa nini gari limetengenezwa likiwa tayari limebonyea nyuma mahali pawili. Mnaombwa kutoa maelezo kwa maandishi kuhusu (e).

Kwa hiyo Kamati imeamua gari hili lisipelekwe Sabasaba, wala lisipendekezwe kutengenezwa kiwandani. Injini irudishwe ilikoazimwa kabla ya mwisho wa mwezi huu.

Hata hivyo mjumbe mmoja ameomba iandikwe kwamba honi ilimfurahisha.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,
Evodius M.
Katibu


Picha ya Ndege, Kibaha
8 Juni 1982

Mke wangu Swaumu,

Shikamoo. Gari limekwisha! Kijani, linang'aa, ukijitazama kwenye madigadi unajiona mnene. Mahameli nchi nzima hakuna, lakini Mzee Lucian kapata pazia jekundu la sinema ya zamani mjini, ukilikalia hutajua tofauti. Pazia la dirishani ni kitambaa cha mama yake Redempta cha kufunikia redio. Komeo ni la shaba, linazungushwa kushoto. Nilipolipata usiniulize.

Kamati wamekuja, wamelitazama sana. Walizunguka nyuma, wakasimama pale muda mrefu. Honi waliipenda. Mengine tutazungumza tukionana.

Tunakuja Jumamosi tarehe 19, kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama. Jumapili hatuwezi, maana saa nane mchana magari yote yanatakiwa yalale, na petroli yenyewe tumechangishana kwa vidumu. Mzee Lucian ameandika kwenye karatasi kwamba ni safari ya majaribio ya barabara. Tutakuchukua mlangoni kwako tukuzungushe Kibuta yote.

Jiandae. Safari hii hakuna atakayekaa mahali pako.

Mumeo,
Mwinyijuma


Kibuta
13 Juni 1982

Mume wangu,

Marahaba. Sentensi yako ya mwisho nimeisoma mara nyingi.

Mlangoni kwangu msije. Tangu lini bibi harusi akachukuliwa nyumbani kwa mumewe? Bibi harusi anapelekwa nyumbani kwa mumewe. Jumamosi nitakuwa kwa ndugu zangu, njia ya Kurui, ng'ambo ya ule mchanga wa mtoni. Shoga yangu Tatu atakuwa nami, ndiye kungwi, amekwisha ulizia kigoda chake. Kuja kwenu ni mteremko, mtafika bila taabu. Mnichukue pale mnilete Kibuta kwa njia ileile.

Nimeomba hina kwa jirani. Wanacheka, bi kizee mjane anatiwa hina. Waache wacheke, nami ninacheka.

Mabonde umeyaweka sawasawa? La kushoto limezama zaidi?

Na waambie wenzako wasije na viatu vizuri.

Swaumu


Ushirika wa Mafundi,
Picha ya Ndege, Kibaha
22 Juni 1982

Katibu,
Kamati ya Maonyesho

Ndugu Evodius,

YAH: GARI LA MFANO, KIPENGELE (E)

Barua yako ya tarehe 4 Juni yahusika. Kamati ilitaka maelezo ya maandishi kuhusu mabonde mawili yaliyo nyuma ya gari. Nilichelewa kujibu kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa sijayaelewa vizuri. Jumamosi iliyopita nimeyaelewa.

Gari lilitoka hapa alfajiri, likapita Kisarawe watu wakitoka madukani kulitazama, likafika njia ya Kurui bila tatizo. Dereva alikuwa Mwinyijuma, amekunja miguu kama panzi. Katika kurudi, tukiwa na abiria wawili wanawake, gari lilizama mchangani penye mlima wa mto. Tulishuka. Nilipoweka viganja kwenye yale mabonde, ndugu Katibu, viliingia kama vimepimwa. Hakuna kuteleza, hakuna kuumiza mikono, nguvu yote inaingia kwenye gari. Wanakijiji waliokuja kutazama nao waliingia kazini, wakapokezana, kila mmoja akitaka zamu ya kwenye bonde. Wengine walisukuma mara mbili bila sababu. Kuna mzee mmoja alisukuma huku anaimba.

Kwa hiyo maelezo ni haya: magari mengine yote niliyowahi kuyatengeneza yanakwama halafu watu wanahangaika pa kushika. Hili limetengenezwa na mtu aliyewahi kusukuma.

Hatuombi uamuzi ubadilishwe. Injini itarudi kwa padri kabla ya mwisho wa mwezi kama mlivyoagiza. Nilitaka tu Kamati ijue kwamba majaribio ya barabara yamefaulu.

Lucian T.
Mwenyekiti

Kuhusu (d), kigoda ni cha kungwi.


Kibuta
27 Juni 1982

Mume wangu Mwinyijuma,

Nimefunga, kwa hiyo leo sikutukani. Matusi yako nimeyaweka mpaka Idi.

Wewe ulidhani sijui? Mwamini alinitumia salamu tangu Aprili. Akasema mjukuu wako amekuja Kurui, amegonga kichwa, amekaa kwenye kinyesi cha kuku, ametia mikono mabondeni, amelia. Nikangoja barua yako ya kuniuliza, bibi mbona ulinidanganya. Barua ikaja, inasema pazia na honi tu. Nikamwambia Tatu, huyu mtoto amelelewa, na aliyemlea ni mimi.

Basi sikia lilivyokuwa. Waliniahidi nitapanda. Nimetiwa hina, nimefukizwa udi, nimefunikwa kanga mpya, nanukia mpaka mbuzi wanageuka. Gari likaja, ndani wajomba watatu wa babu yako wamekaliana na ngoma zao. Mjomba mkubwa akatoa kichwa akasema, "Bibi harusi mwepesi, na miguu anayo." Nikapita nyuma. Kila penye mchanga wanaita sukumeni, nami nasukuma na wenzangu, hina mbichi, mikono yangu imeacha alama nyekundu kwenye bati lao. Nasukuma huku nasema moyoni, mle ndani lazima mna mahameli. Haiwezekani wanang'ang'ania vile ubao.

Nilipofika Kibuta mimi ni vumbi tupu, yanaonekana macho na meno. Babu yako akanitazama, akalitazama gari, akawaambia wajomba zake, "Nilitaka mke, mmeniletea turinboi wa kusukuma lori." Nikacheka palepale, mbele ya wakwe, aibu gani! Siku hiyohiyo nikampenda. Watoto walipokuja wakaniuliza mama ulipanda, nikasema nilipanda. Ningesemaje? Babu yako aliendelea kuniita turinboi wake mpaka anakufa, na siri yangu hakuitoa.

Sasa Jumamosi. Ule mchanga ni uleule, nilijua mtazama. Kwa nini unadhani nilikwambia njia ileile? Mkaruka chini nyote. Mzee Lucian na suruali yake ya tetroni, Redempta amekaza kanga kiunoni kama mke kweli. Nawe ukanifungulia mlango kwa adabu, ukanipa mkono. "Bibi, shuka kidogo, tulipunguze uzito."

Nishuke? Miaka arobaini na mitatu nimengoja kukaa pale, halafu nishuke?

Nikafunga pazia.

Halafu nikaisikia mikono. Pa! Pa! Kwenye bati, nyuma ya mgongo wangu hasa. Nilijua yupi yuko bonde la kushoto na yupi la kulia, mtu yeyote asinifundishe sauti ile. Ilikuwa mikono mingi, mwanangu, na sauti yako kwenye usukani ikiwa juu ya zote, sukumeni jamani, bibi harusi yuko ndani! Nikalia. Tatu kwenye kigoda chake akadhani nimeugua, akanishika, akaona nacheka, naye akaanza kulia. Nikatazama kwenye kioo mlichoniwekea. Bi kizee ana hina mpya, kakaa kwenye pazia la sinema, hana hata punje ya vumbi usoni. Nikamwambia huyo wa kwenye kioo, umefika, turinboi.

Na niliposhuka nilitanguliza uso. Umeona? Watu wote waliuona uso wangu. Nilikwambia mlango ufunguke kinyume, hukunielewa, sasa umeelewa.

Redempta aliniambia la Kamati, usimgombeze, nilimbana mimi. Pole, mume wangu. Najua ulitaka yatengenezwe mengi. Nami ningependa. Lakini mimi nina miaka yangu ya kuyatazama magari kwa nyuma, nayajua, na kati ya yote yaliyonitimulia vumbi hakuna hata moja lililotengenezwa kwa ajili ya mtu fulani. La kwako lilikuwa la mtu, na mtu huyo amepanda. Kamati gani itakupa zaidi ya hapo?

Injini mrudishieni padri na shukrani zangu, mwambieni kuna Mwislamu Kibuta anamwombea dua kila akifuturu. Ila bodi nileteeni, na magurudumu yake, isimame hapa uani kwangu ikifunikwa mikeka. Mjukuu wa Tatu anaolewa baada ya Idi, mtoto wa Benedikta wa parokiani naye amekwisha kuulizia, na wote wawili nimeshawaambia watapanda, watakaa ndani, na pazia watafunga wenyewe wakitaka.

Injini ya nini? Wa kusukuma wapo.

Mkeo aliyepanda,
Swaumu binti Ramadhani